Sauti Unaijua, Mwenye Sauti Humjui: Becky Hill Kutoka The Voice Mpaka Muziki wa Klabu

Ukimuuliza mtu aliyekuwa anatoka sana usiku miaka ile ya 2014 na 2015 kama anamjua Becky Hill, mwimbaji wa Uingereza, kuna uwezekano mkubwa akakwambia hamjui, halafu muwekee Gecko, au Afterglow, au ile Remember aliyofanya na DJ David Guetta, atakuimbia kiitikio chote mwanzo mwisho. Hili jambo limenikaa kichwani muda mrefu maana huyu dada anaimba kuliko wengi ambao majina yao tunayo midomoni kila siku, na alianzia mahali ambapo kazi yake yote ni kukufanya ujulikane sura, yaani kwenye TV, kwenye shindano la kusaka vipaji, majaji wanne mbele na mamilioni ya watu wamekaa sebuleni wanakuangalia. Sasa ilikuaje mtu atoke kwenye jukwaa kama lile aje kuwa sauti ambayo hakuna anayejua ni ya nani? Na ilikuaje hiyo hiyo sauti imletee tuzo mbili za Brit, zile tuzo kubwa za muziki za Uingereza? Wengi wanamaliza stori kwa kusema alihamia EDM, yaani muziki wa elektroniki wa kuchezea klabu, kwa sababu ndo ilikuwa inalipa. Hapana, hiyo ni kuiangalia juu juu mno, humu ndani kuna mambo ya mikataba, ya hela, ya jinsi ngoma za klabu zinavyopikwa studio, na kuna historia ya wanawake waliodhulumiwa sauti zao kabla Becky hajazaliwa.

Tuanze na shindano lenyewe. The Voice ya Uingereza ilianza kuruka Machi 2012 kupitia BBC One, majaji Jessie J, will.i.am, Tom Jones na Danny O'Donoghue wa The Script, na staili yake mnaijua, majaji wamegeuza viti hawakuoni, wanasikiliza tu, anayekupenda anabonyeza kitufe kiti kinageuka. Becky alikuwa binti wa miaka 18 kutoka Bewdley, mji mdogo wa Worcestershire kando ya mto Severn, siyo sehemu ambayo watu wa lebo wanapitapita kutafuta wasanii. Akaimba Ordinary People ya John Legend, akaingia timu ya Jessie J, akafika nusu fainali, akatolewa hapo.

Aliyeshinda msimu ule ni Leanne Mitchell. Alipata mkataba wa kurekodi, singo yake ya ushindi ikawa ni Run to You, ile ya Whitney Houston, ikafika namba 45 kwenye chati, na albamu yake ilipotoka mwaka uliofuata ikaishia namba 134. Huyu ni mtu aliyepigiwa kura akashinda wote! Na anaimba vizuri sana, mimi sioni kosa lolote kwenye sauti yake. Tatizo ni kwamba kura ya TV siyo shabiki. Familia imekaa Jumamosi usiku, inampenda mtu kwa sababu ya stori yake na kwa sababu ameimba vizuri wimbo ambao tayari wanaujua, wanapiga kura, wiki inayofuata wameendelea na maisha yao. Hawakumpenda kwa wimbo WAKE, kwa sababu wimbo wake hawajawahi kuusikia, mtu amekuja kaimba nyimbo za watu wengine wiki zote hizo. Sisi wenyewe tumeangalia Bongo Star Search na Tusker Project Fame, nadhani kila mtu hapa ana mshindi wake mmoja ambaye alimpigia kura kwa moyo wote na leo hawezi kukutajia ngoma yake hata moja.

Halafu kuna mkataba. Kwenye haya mashindano kwa kawaida washiriki wanasaini makaratasi kabla hata hawajapanda jukwaani, waandaaji na lebo wanakuwa na haki ya kumchukua wanayemtaka kwanza, na mshindi ndo anabanwa zaidi, lazima atoe kitu kinachofanana na alichoimba kwenye TV, kwa watu wale wale wa TV. Aliyetolewa nusu fainali jina lake ni dogo, hela ni ndogo, lakini hakuna anayemkimbiza. Becky alitoka pale akiwa na kitu ambacho shindano halikumpa wala halikumuuliza, nacho ni kwamba alikuwa anaandika nyimbo. Shikilieni hili la kuandika, tutalirudia maana kwangu mimi ndo limebeba stori nzima.

Sasa angalia wakati aliotokea. Uingereza ya 2012 mpaka 2014 muziki wa elektroniki ulikuwa umeingia kwenye chati kuu kwa nguvu, na wengi waliokuwa wanautengeneza ni vijana wa kompyuta ambao wenyewe hawaimbi. Rudimental, kundi la Hackney, London, walimchukua John Newman wakatoa Feel the Love ikashika namba moja 2012, mwaka uliofuata wakamchukua Ella Eyre kwenye Waiting All Night, namba moja tena. Disclosure walimtoa Sam Smith kwa Latch. Clean Bandit Januari 2014 wakatoka na Rather Be, sauti ya Jess Glynne. Yaani kulikuwa na njaa ya sauti, na siyo sauti yoyote, walitaka sauti nzito yenye soul, ya kanisani hivi, itakayoleta ubinadamu juu ya midundo ya mashine. Mtu wa miaka 18 anayeweza kuimba John Legend akawageuza majaji bila kuonekana sura ndo huyo huyo waliyekuwa wanamtafuta.

Mlango wa kwanza ukawa Rudimental wenyewe, wakamuweka kwenye wimbo Powerless ndani ya albamu yao Home ya 2013. Halafu ikaja Afterglow.

Hapa naomba tukae kidogo, maana Afterglow ukiielewa umeelewa kwa nini mwimbaji wa soul anaweza kuhamia muziki wa klabu bila kubadilisha uimbaji wake hata kidogo. Ni ngoma ya drum and bass, ya prodyuza anaitwa Wilkinson, ilitoka Oktoba 2013 kupitia RAM Records. Drum and bass inakwenda kasi sana, kama mapigo 174 hivi kwa dakika, ukiisikia ngoma tupu unaweza kudhani hakuna binadamu anayeweza kuimba humo bila kukata pumzi. Lakini msikilize yeye. Haimbi kwa kasi ya ngoma. Anaimba kwa nusu yake, anahesabu 87, na 87 ni kasi ya kawaida kabisa ya R&B, kasi ya wimbo wa mapenzi wa kutikisa kichwa taratibu. Ngoma zinakimbia chini, sauti inaelea juu yake imetulia, anavuta neno refu anavyotaka, anapanda na kushuka kama vile yuko na piano peke yake. Miguu yako inafuata ngoma, kifua chako kinamfuata yeye, na ule mvutano kati ya vitu viwili ndo unaokufanya usisimke. Ukiiondoa sauti, inabaki ngoma nzuri ya klabu tu. Ukiondoa ngoma, inabaki balladi, wimbo wa taratibu wa hisia. Watu wanaosema aliacha soul akaenda EDM sikilizeni hiyo tena kwa makini, soul haijaachwa, imewekwa juu ya injini nyingine.

Ilifika namba 8 Uingereza. Na kwenye kava jina lililoandikwa ni moja tu, Wilkinson. Becky hayupo.

Siyo kwamba aliibiwa. Jina lake limo kwenye orodha ya waandishi wa wimbo. Lakini kwa mtu anayesikia redioni, au anayeangalia jina la wimbo kwenye simu yake, yule mwanamke anayeimba dakika zote zile ni kama hayupo duniani.

Kuelewa hii inatoka wapi lazima tujue ngoma hizi zinavyotengenezwa. Kwenye nyimbo za kawaida wimbo unaanza na mwimbaji, yeye ndo mwenye jina, prodyuza anamtengenezea biti. Kwenye muziki wa klabu ni kinyume. Prodyuza ndo msanii. Anatengeneza biti, besi, vinanda, halafu anaituma hiyo kitu kwa watu wa kuandika kinachoitwa toplaini, yaani melodi na maneno yanayokaa juu. Biti moja inaweza kutumwa kwa watu wengi, kila mmoja anarekodi mawazo yake, prodyuza na lebo wanachagua. Wakati mwingine mwandishi wa toplaini anaimba demo, ile demo inapendwa mpaka inabaki hivyo hivyo kwenye wimbo wenyewe, wakati mwingine sauti yake inafutwa anaimbishwa mtu mwingine mwenye jina kubwa zaidi. Mwimbaji anaweza asikutane na prodyuza kabisa mpaka wimbo umeshakuwa hiti.

Na muundo wenyewe wa wimbo unamficha mwimbaji. Kwenye pop kilele cha wimbo ni kiitikio, mwimbaji yupo pale katikati ya taa zote. Kwenye ngoma ya klabu kilele ni dropu, pale besi na ngoma zinaporudi kwa pamoja na watu wanaruka, na kwenye dropu mara nyingi mwimbaji ananyamaza, au sauti yake inakatwakatwa vipande inakuwa kama kinanda tu, silabi moja inarudiwa rudiwa. Kwa hiyo kazi yake ni kupandisha watu mpaka juu kabisa halafu akae pembeni. Hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana! Mtu aliyefundishwa na TV anajua dakika moja na nusu zake lazima azijaze, aweke madoido, apande juu, majaji washangae, kwenye toplaini madoido mengi yanaharibu kila kitu, unatakiwa maneno machache, sauti za wazi za a na o ambazo zikikatwa bado zinaimbika, na ujue pa kuacha nafasi. Becky hilo alilijua mapema sana. Angalia Gecko.

Gecko mwanzo ilikuwa ngoma isiyo na maneno, ya Oliver Heldens, kijana wa Kiholanzi aliyekuwa na miaka 19. Ilikuwa inafanya vizuri hivyo hivyo kwenye klabu, ile besi yake ya kurukaruka ndo ilikuwa wimbo, kiitikio ni besi. Sasa unaongezaje maneno kwenye kitu ambacho kimeshakamilika bila kukiharibu? Toleo la maneno, Gecko (Overdrive), Becky akiwa mmoja wa walioliandika, halishindani na ile besi hata sekunde moja, anaimba kabla ya besi, anaipandishia njia, besi ikiingia anaiachia uwanja. Ilitoka Juni 2014 ikaenda moja kwa moja namba moja Uingereza, na hapo akawa mtu wa kwanza kutoka The Voice ya Uingereza kuwa na wimbo wa namba moja. Siyo mshindi, ni wa nusu fainali. Na safari hii jina lake lilikuwepo kwenye kava.

Kwamba jina liwepo kwenye kava leo tunaona ni kitu cha kawaida. Haikuwa hivyo, na kuna mama mmoja inabidi tumheshimu hapa.

Mwaka 1989 singo iliyouza kuliko zote Uingereza ilikuwa Ride on Time ya kundi la Italia, Black Box. Kwenye video na kwenye shoo aliyekuwa anaonekana anaimba ni mwanamitindo anaitwa Katrin Quinol. Sauti ilikuwa ya Loleatta Holloway, imekatwa kutoka kwenye wimbo wake Love Sensation wa 1980, na mwenyewe hakuombwa. Ilibidi aingie kwenye mambo ya wanasheria ndo alipwe. Black Box hao hao kwenye albamu yao wakamtumia Martha Wash, yule aliyeimba It's Raining Men akiwa na The Weather Girls, akaimba nyimbo kibao, na kwenye video bado ni Quinol anachezesha midomo. Halafu C+C Music Factory nao wakamfanyia hivyo hivyo, Gonna Make You Sweat, ile "everybody dance now" ambayo hadi leo inapigwa kwenye kila harusi, sauti ni ya Martha Wash, kwenye video akawekwa mwanamke mwingine mwembamba. Martha alikuwa mnene na wakubwa wa muziki wakaamua sura na mwili wake haviuzi, sauti ndo inauza. Akawashtaki. Kesi zake, zilizomalizika kwa makubaliano kufikia 1994, ndo zilizowasukuma watu wa lebo kuanza kuwaandika waimbaji kwa majina. Kila ukiona jina la mwimbaji baada ya jina la DJ, kumbuka kuna mwanamke alienda mahakamani.

Kwa hiyo Becky anaingia kwenye biashara ambayo ilikuwa imeshasafishwa kiasi, siyo yote. Sasa hela. Hapa ndo penye msongamano mkubwa na ndo pale niliposema tushikilie lile la kuandika.

Kila wimbo una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno, na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyorekodiwa siku fulani studio fulani. Utunzi ni wa waandishi. Rekodi kwa kawaida ni ya lebo au ya prodyuza. Uingereza mirabaha ya utunzi inakusanywa na PRS, chama kinachowakusanyia waandishi hela zao, na ya rekodi ikipigwa redioni au kwenye klabu inakusanywa na PPL, ambayo inagawa nusu kwa mwenye rekodi na nusu kwa waliopiga na kuimba. Humo ndani kwenye nusu ya waimbaji na wapigaji, aliyeandikwa kama msanii mkuu au mshirikishwa ana fungu kubwa, asiyetajwa anaingia kundi moja na mpiga gitaa aliyekuja siku moja akaondoka. Ona sasa jina kwenye kava siyo sifa tu, ni hela.

Na kuna mwimbaji ambaye yeye anakuja tu kuimba, analipwa mara moja, anasaini, anaondoka. Wimbo ukipigwa kwenye matangazo, kwenye filamu, ukisikilizwa mara milioni mia, hela ya utunzi hana, hela ya mauzo hana. Lakini aliyeandika toplaini, hata jina lake lisionekane popote, hata watu wasimjue sura, kila wimbo ukilia mahali fulani kuna senti inamfuata. Hii ndo tofauti kati ya Becky Hill na waimbaji wengi wazuri tu waliopita kwenye muziki wa klabu wakapotea. Yeye alikuwa na kalamu. Ndo maana aliweza kuvumilia miaka ambayo hakuna aliyemjua, kwa sababu zile nyimbo zilikuwa zake hata pale ambapo hazikuonekana kuwa zake.

Na miaka hiyo ilikuwa mingi. Baada ya Gecko ungetegemea albamu mwaka huo huo au unaofuata. Haikutoka. Akaachana na lebo aliyokuwa nayo mwanzo, akaanzisha yake ndogo, Eko, akaendelea kutoa ngoma na maprodyuza, MK, Matoma, Jonas Blue, baadaye akaingia lebo kubwa ya Polydor huku Eko ikiendelea kuwepo. 2019 mambo yakafunguka tena, Wish You Well na Sigala ikaingia kumi bora, Lose Control na Meduza wa Italia pamoja na Goodboys ikapigwa Ulaya nzima, na mwaka huo akakusanya nyimbo zake akazitoa pamoja kwa jina la Get to Know. Ukiangalia ule mkusanyiko unaona kitu cha ajabu, ni kama albamu ya hiti za msanii mkubwa, ila albamu ya kwanza yenyewe bado haijatoka!

Albamu ilikuja Agosti 2021, Only Honest on the Weekend, miaka tisa baada ya The Voice, ikaingia namba 7. Wimbo uliobeba ni Remember, ulitoka Juni mwaka huo, klabu za England zilikuwa zimefungwa na korona tangu mwaka uliotangulia zikafunguliwa tarehe 19 Julai, watu wakaingia wakiwa na kiu ya mwaka mzima na zaidi, ngoma ikapanda mpaka namba 3. Mimi nawaombeni muangalie jinsi jina lilivyopangwa kwenye ule wimbo. Ni Becky Hill na David Guetta. Guetta, mmoja wa ma-DJ wakubwa kabisa duniani, yeye wa pili. Kwenye Afterglow jina halikuwepo, kwenye Gecko likaja baada ya DJ, hapa liko mbele. Siyo mpangilio wa bahati mbaya, mpangilio wa majina ni kitu kinachojadiliwa kwenye mkataba kama asilimia zinavyojadiliwa, maana unaamua wimbo unaingia kwenye ukurasa wa nani, albamu ya nani, na nani anaitwa kwenye tuzo. 2022 akachukua Brit ya msanii bora wa dansi, 2023 akachukua tena. Julai 2022 akasimama Wembley kabla ya fainali ya Euro ya wanawake, mbele ya watu 87,192, na pembeni yake alikuwepo Ultra Naté, Mmarekani aliyeimba Free 1997, mmoja wa wanawake wa kizazi kile cha hausi, aina ya muziki wa klabu, waliokataa kuwa sauti tu. Ile kuwaweka wawili pamoja nadhani aliyepanga alijua anachofanya, au kama hakujua basi ilitokea vizuri sana.

Becky siyo peke yake aliyepita hii njia. Sweden waliiona mapema, Agnes alishinda Idol 2005 akaanza na pop ya kawaida, 2008 akageukia dansi na Release Me ikamvusha mipaka. Loreen alikuwa wa nne kwenye Idol ya huko huko 2004, akapotea machoni miaka kadhaa, akarudi na Euphoria akachukua Eurovision 2012, akachukua tena 2023. Na Uingereza kuna Ella Henderson, aliyekuwa wa sita X Factor 2012, mwaka ule ule wa Becky. Ghost yake ilishika namba moja Juni 2014, mwezi ule ule ilipotoka Gecko, lakini yeye alipita njia ya kawaida, lebo kubwa ya Syco, albamu haraka, sura kwenye kila gazeti, na baada ya hapo kukawa na ukimya mrefu mpaka aliporudi 2019 kupitia nani? Jax Jones na Sigala, watu wa klabu. 2022 wakakutana yeye na Becky kwenye wimbo mmoja wa Guetta, Crazy What Love Can Do. Wote hawa ukiwaangalia wana kitu kimoja, muziki wa klabu hauulizi ulishika nafasi ya ngapi. DJ hajali, mchezaji hajali. Kwa mtu aliyetoka kwenye mashindano, ambaye jina lake limegandishwa na ile nafasi aliyotolewa, hiyo ni pumzi mpya kabisa.

Ila nisiwadanganye, kuna gharama ambayo haijaisha. Lebo zikishaona mwimbaji anapiga hiti akiwa na ma-DJ zinataka abaki hapo hapo, singo baada ya singo, kwa sababu singo moja na DJ mkubwa hatari yake ni ndogo na hela inaingia mapema. Albamu ni gharama na inahitaji watu wakupende wewe, siyo wimbo. RAYE, mwimbaji mwingine wa Uingereza, alilipuka hadharani Juni 2021 akasema ana mkataba wa albamu nne tangu 2014 na hajaruhusiwa kutoa hata moja, wakati huo sauti yake iko kwenye Bed ya Joel Corry na Guetta inapigwa kila kona. Aliachana na Polydor, akajitegemea, Escapism ikashika namba moja Januari 2023, mwaka uliofuata akabeba Brit sita. Watu wakashangilia sana, na mimi nilishangilia, lakini angalia ilibidi aondoke ndo apate. Na wapo wangapi ambao hawana ujasiri wala hela ya kuondoka?

Becky hakuondoka Polydor, alisubiri na kusukuma kutoka ndani. Alirudi kwenye drum and bass na Chase & Status kwenye Disconnect 2023, safari hii jina limeandikwa wazi, na albamu ya pili, Believe Me Now?, ilitoka Mei 2024 ikaingia namba 3, juu kuliko ya kwanza. Ndani ya albamu ile kuna Outside of Love. Ni ngoma ya klabu kamili, ina dropu, ina midundo, kuna watu walioitengeneza na wamelipwa na majina yao yamo kwenye orodha ya waandishi na maprodyuza kwa yeyote anayetaka kuyatafuta. Kwenye kava kuna jina moja tu, na ni la aliyeimba.